Kabla ya Kukilaumu Kioo, Zipime Rangi Zake

Kompyuta ni kama koti la mkubwa katika nyumba yenye watoto wengi: haimalizi maisha yake kwa mtu mmoja. Huanza ofisini ikiwa mpya, hushuka kwa karani mdogo, kisha huuzwa kwa bei nafuu, na mwisho hufika juu ya meza ya kijana anayesoma. Katika nyumba za polisi za Nsambya na Naguru, katika makambi ya Mbuya na Makindye, na katika vyumba vya kupanga vya mitaa mingi ya Kampala, kioo cha kompyuta kilichokwisha kufanya kazi miaka kumi au zaidi si kitu cha ajabu. Kimenunuliwa kwa jasho, na hutazamiwa kufanya kazi miaka mingine.

Shida huanza siku kijana anapofungua programu ya kuandikia na kukuta kwamba sehemu ya maneno haionekani. Herufi zipo, lakini zimezama katika weusi wa kioo kama mawe chini ya maji machafu. Kijana hukodoa macho, husogeza uso karibu, na baada ya saa moja kichwa humuuma. Mama huona kwamba mashine imekufa. Baba huanza kuhesabu mshahara wake, akitafuta mahali pa kukata ili anunue kioo kingine. Na mwalimu, akiona makosa mengi katika kazi iliyoletwa, huamua kwamba kijana hana bidii.

Aghalabu hukumu hizi zote tatu si za haki. Kioo ni kizima, macho ya kijana ni mazima, na bidii yake haina dosari. Kilichoharibika ni mpango wa rangi: programu imechagua rangi zinazofaa kioo kingine, na hakuna aliyezijaribu juu ya kioo hiki. Jaribio lenyewe huchukua muda mfupi, halihitaji fundi, wala halina gharama.

MILIA MINANE YA TELEVISHENI

Ili kulielewa jambo hili yafaa kukumbuka televisheni ya zamani. Televisheni ya Uganda ilianza mwaka 1963, nayo ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Mwaka 1975, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala, matangazo ya rangi yaliingia nchini. Visiwani Zanzibar televisheni ya rangi ilikuwa imekwisha kuanza mapema kidogo katika miaka hiyo hiyo ya 1970.

Vituo vya televisheni duniani vilikuwa na desturi ya kuonyesha picha ya majaribio nje ya saa za matangazo. Picha hiyo ilikuwa na milia iliyosimama wima, kutoka kushoto kwenda kulia: nyeupe, manjano, samawati, kijani, zambarau, nyekundu, buluu, na mara nyingine nyeusi mwishoni. Watu wengi waliidhani kuwa ni pambo. La, ilikuwa ni chombo cha kazi. Fundi aliitazama na kujua mara moja kama rangi fulani imepungua, imezidi, au imepotea kabisa.

Mpangilio wa milia hiyo una siri yake. Kutoka kushoto kwenda kulia mwanga hupungua hatua kwa hatua. Nyeupe ina mwanga mwingi kuliko zote, manjano huifuata, na buluu hubaki karibu na giza. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na televisheni ya nyeusi na nyeupe hakuona rangi hizo. Aliona ngazi ya kijivu inayoshuka kutoka weupe hadi weusi. Kila rangi, basi, ina mambo mawili ndani yake: sura yake, ambayo kwayo huitwa nyekundu au kijani, na kiasi cha mwanga wake. Jicho hufurahia sura, lakini linaposoma herufi ndogo hutegemea zaidi tofauti ya mwanga kati ya herufi na mahali ilipoandikwa. Pasipo tofauti hiyo, rangi iwe nzuri namna gani, neno halisomeki.

Milia hiyo minane ndiyo pia mama wa rangi za kompyuta. Kioo cha rangi hutumia taa za namna tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Ukiziwasha na kuzizima kwa kila namna inayowezekana, unapata rangi nane, nazo ni zile zile za milia ya televisheni. Ukiongeza hatua moja ya ukali wa mwanga unapata rangi 16. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 iliweza kuandika maneno kwa rangi 16 za namna hiyo ilipotiwa kadi ya rangi. Baadaye zikaja programu za rangi 256, na leo vioo vipya huonyesha zaidi ya milioni 16. Hata hivyo programu nyingi za kuandikia maandishi matupu, wanazotumia mafundi wa mitambo na wanafunzi wa kompyuta, hurudi kwenye zile nane au 16 zinapokutana na mashine ya zamani. Hapo ndipo taabu inapoingia.

PROGRAMU ILIYOTAJA UGANDA DUNIANI KOTE

Kuna programu moja ya kuandikia yenye uhusiano wa pekee na nchi hii. Jina lake ni Vim. Asili yake ni programu iitwayo vi, iliyoandikwa na Bill Joy huko California mwaka 1976, wakati ambapo vioo vingi vilikuwa na rangi moja tu. Mwaka 1991 Bram Moolenaar, fundi wa programu kutoka Uholanzi, alitoa programu yake mwenyewe iliyoifuata ile ya zamani na kuiongezea uwezo.

Mnamo mwaka 1994 Moolenaar alikuja Uganda, akafanya kazi ya kujitolea katika mambo ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto cha Kibaale. Kibaale hiyo si ile ya magharibi ambayo wengi huijua. Ni mji mdogo wa eneo la Rakai, kusini mwa nchi, kuelekea mpaka wa Tanzania. Rakai ni miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kupigwa vikali na ukimwi katika miaka ya 1980, na watoto wengi walibaki bila wazazi. Aliporejea kwao, Moolenaar hakuuza programu yake. Aliitoa bure, ila aliwaomba wanaoipenda wachangie matunzo na masomo ya watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi kila aliyeifungua Vim bila faili, awe Tokyo au Chicago, alikutana kwanza na maneno machache yanayomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki dunia mwezi Agosti 2023. Programu yake ingali inatumika.

Programu hiyo hiyo inatoa mfano bora wa kosa la rangi. Tangu toleo lake la tano, la mwaka 1998, Vim huweza kupaka rangi sehemu mbalimbali za maandishi: amri kwa rangi moja, tarakimu kwa nyingine, na yale maelezo ya pembeni ambayo mwandishi hujiandikia kwa rangi ya tatu. Lakini kabla ya kuchagua rangi hizo programu inapaswa kujua kama uwanja wa kioo ni wa giza au ni mweupe. Mara nyingine mashine haitoi jibu, na hapo programu hubahatisha.

Ikibahatisha kwamba uwanja ni mweupe, kumbe ni mweusi, huandika maelezo kwa buluu iliyokoza juu ya weusi. Kwenye kioo kipya chenye mwanga mkali maneno hayo husomeka kwa shida. Kwenye kioo kilichozeeka hayasomeki kabisa. Dawa yake ni amri moja: ":set background=dark", ambayo huiambia programu kwamba uwanja ni wa giza. Mara hiyo maelezo hugeuka kuwa ya samawati, na yaliyokuwa yamepotea huonekana. Uwanja ukiwa mweupe, neno la mwisho la amri huwa "light". Anayetaka mpango huo udumu huandika amri hiyo, bila nukta mbili za mwanzo, katika faili la matayarisho liitwalo ".vimrc".

Tena programu hii imebeba milia yake ya majaribio. Amri ":runtime syntax/colortest.vim" hufungua ukurasa wenye orodha ya rangi zilizoandikwa juu ya nyeusi, juu ya nyeupe, na rangi moja juu ya nyingine. Mwenye kuutazama huona kwa macho yake ni zipi zinazosomeka katika kioo chake. Programu nyingine za kuandikia hazina ukurasa wa namna hiyo, lakini nyingi zina mahali pa kuchagua kati ya mandhari ya giza na mandhari ya mwanga, na kanuni ni ile ile.

HESABU YA MWANGA

Mnamo mwaka 2008 wataalamu wa W3C, taasisi inayopanga viwango vya kurasa za intaneti, walitoa mwongozo wenye kipimo cha tofauti ya mwanga. Kipimo hicho huanza 1, maana yake hakuna tofauti yoyote, hadi 21, ambayo ni nyeupe juu ya nyeusi. Kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida waliagiza kwamba tofauti isipungue 4.5.

Rangi safi za kioo zikipimwa kwa kipimo hicho, matokeo yake ni haya. Juu ya weusi, manjano hupata karibu 19.6, samawati 16.7, kijani 15.3, nyekundu 5.3, na buluu 2.4 tu. Juu ya weupe mambo hupinduka: buluu hupata 8.6, nyekundu 4, na manjano hupata kiasi cha 1.07, yaani ni kama hakuna kilichoandikwa.

Tarakimu hizi zafaa kukumbukwa, kwa sababu zinaondoa ubishi wa nyumbani. Buluu haina kosa, wala manjano haina kosa. Kosa ni mahali zinapowekwa. Buluu iliyoshindwa kabisa juu ya weusi huwa bora juu ya weupe, na manjano iliyopotea juu ya weupe hung'aa juu ya weusi. Nyekundu, ambayo watu wengi huipenda kwa kuonya, haina nguvu kubwa upande wowote, na ikiwa ni nyekundu iliyokoza hupungua zaidi juu ya weusi.

Isisahauliwe pia kwamba hesabu hizo ni za kioo kizima kilicho katika chumba tulivu. Jua la dirishani likipiga juu ya kioo, weusi wake hugeuka kijivu na tofauti yote hushuka. Mafundi wa chapa wa Nasser Road wanalijua jambo la jinsi hii katika kazi yao. Rangi ya kadi ya arusi inayopendeza kwenye kioo yaweza kuwa nyingine kabisa kwenye karatasi, na kwa hiyo fundi mwangalifu huchapa nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia tano. Mwenye kioo cha zamani naye afuate busara hiyo: asiamini rangi iliyosifiwa kwenye mashine ya mwenzake mpaka ameiona kwenye yake.

KIJUE KIOO CHAKO

Vioo vya zamani ni vya aina mbili kubwa. Cha kwanza ni kile kizito chenye kisogo kirefu, kilichofanana na televisheni. Ndani yake mna mtambo unaorusha miali ya umeme kwenye unga maalumu uliopakwa nyuma ya kioo, na unga huo ndio unaong'aa. Kikizeeka mwanga hupungua, na maneno yaliyokaa mahali pamoja kwa miaka huacha kivuli kisichofutika. Kioo hiki kina adui mmoja ambaye nyumba nyingi humweka karibu bila kujua: sumaku. Spika kubwa ya redio ikiwekwa kando yake huweza kuleta madoa ya zambarau au kijani kwenye pembe. Ondoa spika, zima kioo, kisha ukiwashe tena baada ya muda. Vioo vingi vya aina hii hujisafisha vyenyewe wakati wa kuwashwa.

Cha pili ni kioo bapa cha miaka ya karibuni zaidi. Vingi vya bei nafuu vina tabia ya kubadili rangi kufuatana na mahali pa kutazamia: ukisimama huona rangi hii, ukiketi huona nyingine. Taa zake za nyuma, hasa zile za mirija, hufifia na kuelekea umanjano kadiri miaka inavyopita. Tena vioo vingi vya namna hiyo huonyesha kwa kweli rangi kama 262,000 tu badala ya milioni 16, na rangi mbili zinazokaribiana sana huweza kuonekana kuwa moja. Kwa hiyo si vyema kutegemea tofauti ndogo, kwa mfano kati ya kijivu na kijivu kilichokoza kidogo.

Pamoja na hayo, iko dosari moja ambayo huwapeleka wengi dukani bure, nayo ni ya waya. Waya wa zamani unaounganisha kompyuta na kioo, ule wenye plagi ya buluu na vijino 15, hubeba nyekundu, kijani na buluu katika njia tatu mbalimbali. Njia moja ikikatika, rangi yake hupotea kila mahali. Fungua ukurasa mweupe uutazame. Ukiwa wa samawati, njia ya nyekundu imekatika. Ukiwa wa zambarau, ni ya kijani. Ukiwa wa manjano kabisa, ni ya buluu. Zima vyombo, chomoa plagi, tazama kama kijino kimepinda, kisha uirudishe na kukaza skrubu zake. Ikishindikana, azima waya wa jirani kabla ya kununua kitu chochote. Bei ya waya ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kioo.

JARIBIO LENYEWE

Jaribio lifanywe mahali kioo kitakapotumika, wala si penginepo. Kigeuze kioo ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma ya msomaji. Kifute vumbi kikiwa kimezimwa, kwa kitambaa laini na kikavu. Kisha kiwashe na kukiacha nusu saa, kwa maana kioo cha zamani hakitoi rangi zake za kweli kikiwa bado baridi.

Kwanza, panga mwanga. Kwa kioo kizito, fungua ukurasa mweusi, ongeza mwanga mpaka weusi ugeuke kijivu, kisha punguza polepole mpaka urudi kuwa weusi, hapo simama. Kwa kioo bapa, shika karatasi nyeupe kando ya ukurasa mweupe. Kioo kikionekana kama taa, kimezidi. Kikionekana kama kitambaa kilichochakaa, kimepungua.

Pili, andika sentensi moja iliyo fupi mara nane, kila mstari kwa rangi yake, juu ya weusi. Tia ndani yake herufi zinazodanganya macho: "rn" karibu na "m", tarakimu 1 karibu na herufi "l", sifuri karibu na "O", nukta karibu na mkato. Makosa ya kazi huzaliwa katika alama hizo ndogo. Halafu andika sentensi hiyo hiyo mara nane juu ya weupe.

Tatu, keti umbali wa mkono ulionyooshwa, usome bila kusogeza uso. Katika karatasi andika zile rangi zinazosomeka bila juhudi, zinazosomeka kwa juhudi, na zisizosomeka. Mwite mwingine wa nyumbani asome naye, hasa mzee, kwa maana macho ya mtu wa miaka 50 huhitaji tofauti kubwa ya mwanga kuliko ya kijana wa miaka 18.

Nne, rudia usiku chini ya taa. Rangi zilizofaulu mara zote mbili ndizo za kushikwa. Zilizofaulu mara moja ziachwe.

Baada ya hapo, chagua uwanja mmoja, rangi moja ya maandishi ya kawaida, na rangi nyingine tatu au nne za kupambanulia. Zaidi ya hizo ni fujo. Kwa uwanja mweusi, kijivu cheupe au kijani hufaa kwa maandishi, na manjano na samawati kwa kupambanua. Kwa uwanja mweupe, nyeusi ibaki kuwa mwenye nyumba, ikisaidiwa na buluu, kijani kilichokoza na zambarau iliyokoza.

ZAMU YA USIKU

Kwa askari na polisi wa zamu jambo hili lina uzito mwingine. Jicho la binadamu huhitaji kiasi cha dakika 20 hadi 30 ili lizoee giza barabara. Mlinzi anayeandika taarifa kwenye ukurasa mweupe unaong'aa, kisha akatoka nje ghafula, kwa muda huwa kama aliyefungwa kitambaa usoni. Kwa hiyo chumba cha zamu ya usiku kinafaa uwanja wa giza na mwanga uliopunguzwa. Ofisi ya mchana yenye madirisha makubwa inafaa uwanja mweupe, kwa sababu mwangaza wa jua hauwezi kuufuta kwa urahisi.

Mwanga mwekundu hulinda uzoefu wa giza kuliko mweupe, nao hutumika katika vyombo vingi vya kijeshi. Lakini, kama hesabu ilivyoonyesha, nyekundu juu ya weusi haina tofauti kubwa. Anayelazimika kuitumia na azikuze herufi.

WASIOTOFAUTISHA RANGI

Jaribio la rangi laweza kufichua jambo ambalo halikujulikana nyumbani: kwamba mtu fulani hatofautishi nyekundu na kijani. Hali hiyo hurithiwa, na huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hupatikana kwa mwanamume mmoja kati ya 12 hivi. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Majeshi yamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, ndiye aliyetengeneza zile picha za nukta za rangi zenye tarakimu ndani yake, akazitoa mwaka 1917, na hadi leo hutumika kupima waombaji wa kazi nyingi.

Mtu wa namna hiyo si mgonjwa, na anaweza kuandika vizuri kama mwingine yeyote, mradi asiachiwe rangi peke yake imweleze kitu. Orodha inayoonyesha silaha zilizorudishwa kwa kijani na zisizorudishwa kwa nyekundu, bila neno lolote, kwake ni orodha isiyo na habari. Iandikwe "imerudi" au "haijarudi", kisha rangi iongezwe ikipendwa. Kanuni hiyo huokoa pia wakati kioo kikipoteza rangi moja, na wakati orodha ikichapwa kwa wino mweusi.

LINI KIOO KISTAAFU

Si kila kioo cha kuokolewa. Kikijaribiwa kwa waya mwingine na kwa kompyuta nyingine, na bado maneno yakatetemeka, yakawa na ukungu, au mwanga ukazimika wenyewe, basi kimemaliza kazi na hakuna mpango wa rangi utakaokifufua. Hapo gharama ni ya lazima, na baba hana sababu ya kunung'unika.

Lakini kioo kizito kisifunguliwe nyumbani kwa vyovyote. Ndani yake mna umeme unaofikia maelfu mengi ya volti, na huweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Watoto wasiachwe wakichezee, wala kisivunjwe shimoni, kwa kuwa glasi yake ina risasi, madini yenye sumu. Ilikuwa ni kwa kuhofia marundo ya takataka za namna hii kwamba serikali ya Uganda, katika bajeti yake ya mwaka 2009, ilitangaza kukataza uingizaji wa kompyuta, televisheni na majokofu yaliyotumika. Kioo kilichokufa kipelekwe kwa wenye kibali cha kukusanya taka za umeme.

Kwa kioo kilichofaulu, yabaki mambo madogo ya kila siku. Kila baada ya dakika 20 msomaji ainue macho, atazame kitu kilicho mbali kama mita sita kwa muda wa kuhesabu 20, na apepese. Karatasi ya majaribio, yenye rangi zilizofaulu na zilizoshindwa, ibandikwe ukutani karibu na meza, pamoja na tarehe. Baada ya mwaka mmoja jaribio lirudiwe, kwa kuwa kioo huzidi kuzeeka, na rangi iliyosomeka mwaka huu huenda isisomeke mwaka ujao. Aliyekipokea kioo baada ya mwingine apokee na karatasi hiyo pia, ili asianze tena kwa kukodoa macho.